KOMORO NA UFARANSA: HABARI ZA KISIWA CHA NNE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Chama, Singida)



Halmashauri iliponiagiza niseme juu ya uhusiano baina ya dola iliyotawala na nchi iliyotawaliwa, nalidhani kwanza kuwa nitasema juu ya Waingereza na sisi. Lakini nikaona kuwa habari hiyo kila mmoja wetu ameisikia tangu utoto wake, na tena wako humu wazee waijuao kuliko mimi. Basi nimechagua jirani ambaye twampita kila siku bila kumwangalia, nayo ni nchi ya Komoro.

Ninayo sababu nyingine. Mwaka 2008 nalikuwa mwanafunzi katika shule ya sekondari ya misheni. Siku moja mwezi wa Machi mwalimu wetu wa jiografia aliingia darasani ameshika gazeti, akasema askari wetu wa Tanzania wamevuka bahari na kushuka Nzwani. Akauliza ni nani awezaye kuinuka na kuonyesha Nzwani katika ramani. Tulikuwa vijana arobaini na kitu, hakuinuka hata mmoja, illa mwenzetu mmoja shujaa aliyeweka kidole juu ya Mafia. Mwalimu hakumchapa, lakini alinyamaza kitambo, kisha akasema, ‘Ndugu zenu wako huko na bunduki, nanyi hamjui ni wapi.’ Maneno yale hayakunitoka. Tangu siku ile nimekuwa nikikusanya habari za visiwa hivyo kidogo kidogo, kama mtu akusanyavyo stempu za barua.

Visiwa vyenyewe ni vinne, vimekaa baina ya Msumbiji na Madagaska: Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore. Wafaransa huviita Grande Comore, Anjouan, Mohéli na Mayotte. Lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili; ukimsikiliza Mngazija akisema polepole, neno moja utalishika na jingine litakuponyoka. Dini yao ni Uislamu. Mazao yao ya kuuza ni karafuu, vanila, na maua ya mlangilangi yanayotoa mafuta ya manukato. Na watu wao wamekaa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam vizazi vingi sana.

Ufaransa haikuvipata visiwa vinne kwa siku moja, na jambo hili lishikeni, maana ndiyo mizizi ya ugomvi wote. Maore ilikuwa ya kwanza. Mwaka 1841 Sultani Andriantsoly, ambaye asili yake ni Madagaska, alikitoa kisiwa hicho kwa Wafaransa kwa mkataba, naye akaahidiwa malipo ya kila mwaka. Visiwa vingine vitatu viliwekwa chini ya himaya ya Ufaransa mwaka 1886, yaani miaka arobaini na mitano baadaye. Mwaka 1912 vyote vinne vilifanywa koloni moja, vikafungwa pamoja na Madagaska, na mwaka 1946 vikatengwa na Madagaska kuwa jimbo peke yake. Kwa hiyo Mfaransa akitaka kusema kuwa Maore ni mbali na wenzake, anayo tarehe ya kuonyesha; na Mkomoro akitaka kusema kuwa visiwa ni nchi moja, naye anayo tarehe yake, na mwandishi wake ni yule yule Mfaransa.

Sasa nitasema jambo ambalo litawapendeza makarani. Makao makuu ya serikali yalikuwa Dzaoudzi, katika Maore. Mwaka 1958 Baraza la visiwa liliamua kuyahamishia Moroni, katika Ngazija, na katika miaka iliyofuata ofisi zikahama moja moja. Sisi wa Singida twajua maana ya neno hili, kwa kuwa majirani zetu wa Dodoma wamengoja tangu mwaka 1973 mpaka juzi hapa kuona serikali ikihamia kwao kweli kweli. Dodoma walikuwa wakipata. Maore walikuwa wakipoteza. Ofisi ikihama, karani huhama, na mshahara wake huhama naye. Mwenye duka hubaki na mzigo wake, mama muuza samaki hubaki na samaki wake. Waliosimama kupinga zaidi ya wengine wote walikuwa wanawake. Mmoja wa viongozi wao aliitwa Zéna M'Déré. Silaha yao ilikuwa kutekenya: afisa aliyekuja kutoka Moroni alizungukwa na akina mama, wakamtekenya mbavuni hata akose heshima yake mbele ya watu na kurudi chomboni mwake. Msicheke, mabwana. Katika mambo yote niliyosoma juu ya siasa za visiwa hivi, sijaona jeshi lililofanikiwa kuliko hilo.

Naam, wakati huo huo wengine walikuwa wakidai uhuru, na mji waliodaia ulikuwa Dar es Salaam. Huko ndiko kilikokaa chama chao kiitwacho MOLINACO, ambacho katibu wake alikuwa Abdou Bakari Boina. Basi nchi yetu imo katika habari hii tangu mwanzo.

Mwaka 1973 Ufaransa ilikubali kuwa visiwa vitapata uhuru katika muda wa miaka mitano. Ikaamuliwa watu waulizwe kwa kura. Tarehe 22 Desemba 1974 wakapiga kura. Ukizihesabu kura zote pamoja, watu karibu 95 katika kila 100 walitaka uhuru. Ukizihesabu kisiwa kwa kisiwa, Maore peke yake ilikataa, maana huko watu kama 64 katika kila 100 walisema hapana.

Hapa ndipo penye shauri lote. Fikirini kuwa Mkoa wetu umepiga kura juu ya jambo kubwa: Iramba wamekubali, Mkalama wamekubali, Ikungi wamekubali, Singida wamekubali, Manyoni wamekataa. Je, Mkoa umekubali, au Mkoa umekubali isipokuwa Manyoni? Jibu halimo katika karatasi za kura. Limo katika barua iliyoandikwa kabla ya kura, iliyosema zitahesabiwa namna gani. Na barua ile ya Wafaransa, yaani sheria yao ya tarehe 23 Novemba 1974, ilikuwa na herufi moja ambayo mataifa yamegombana kwayo. Haikusema wataulizwa ‘watu wa Komoro’ kwa umoja, bali kwa Kifaransa neno hilo liliandikwa kwa wingi, kwa kutiwa herufi ‘s’ mwishoni, kama kwamba kila kisiwa ni watu mbali. Rais wa Ufaransa wa siku zile, Giscard d'Estaing, alikuwa amewaambia waandishi wa magazeti mwezi mmoja tu kabla yake kuwa visiwa hivyo ni kitu kimoja na yafaa viwe na mwisho mmoja. Rais alisema moja, sheria ikaandika mengi. Nasi tuliofunzwa kazi ya ofisi twajua: kinachosemwa barazani hupita, kilicho katika faili hubaki.

Mwezi wa Julai 1975 Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria nyingine ya kutaka katiba ikubaliwe kisiwa kwa kisiwa. Viongozi wa Moroni hawakungoja. Tarehe 6 Julai 1975, chini ya Ahmed Abdallah, walitangaza uhuru wenyewe. Tarehe 12 Novemba mwaka ule Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro kuwa nchi ya visiwa vinne, na Maore ikatajwa kwa jina. Ufaransa haikushiriki katika kura hiyo. Mwezi wa Februari 1976 shauri lilipelekwa katika Baraza la Usalama, na Ufaransa ikatumia kura yake ya turufu. Siku mbili baadaye watu wa Maore walipiga kura tena, na safari hii waliotaka kubaki na Ufaransa walikuwa zaidi ya 99 katika kila 100.

Nataka nisimame hapa kidogo niseme maoni yangu, kwa kuwa najua wenzangu wengine watanishambulia wakati wa maswali. Kwa sheria ya Afrika, Komoro ina haki. Wakuu wa nchi zetu walipatana huko Cairo mwaka 1964 kuwa mipaka iliyoachwa na wakoloni isiguswe, na Mwalimu Nyerere alikuwa miongoni mwa waliolipigania jambo hilo. Tukiruhusu kila kisiwa na kila wilaya ijihesabu peke yake, hakuna nchi itakayosimama. Lakini sipendi kuficha kuwa watu wa Maore waliulizwa, nao wakajibu, na mwaka 2009 waliulizwa tena juu ya kufanywa mkoa kamili wa Ufaransa wakajibu vile vile, zaidi ya 95 katika kila 100. Mwaka 2011 wakawa mkoa kamili. Mtu asemaye kuwa watu hao wote walinunuliwa au walilaghaiwa, huyo awadharau. Na Mfaransa naye asemaye kuwa moyo wake ni kuheshimu kura tu, yafaa aulizwe habari za mwaka 1997, nitakazozitaja mbele.

Uhusiano wa serikali mbili ulianza basi kwa kuvunjika. Ufaransa iliondoa msaada wake, ikawaita nyumbani walimu, waganga na mafundi wake. Nchi changa ikaamka asubuhi haina daktari wala mwalimu wa sekondari wa kutosha. Abdallah hakukaa hata mwezi mmoja katika uhuru. Tarehe 3 Agosti 1975 alipinduliwa, na baadaye Ali Soilih akashika serikali. Huyu alikuwa kijana mwenye fikra kali. Nisikieni, mabwana wa ofisini: mwaka 1977 aliwafukuza watumishi wa serikali yapata 3,500, na kumbukumbu za serikali zikatiwa moto. Jalada za ardhi, jalada za vizazi na vifo, barua za miaka mingi! Mimi nimekaa na majalada miaka kumi na moja, nalisoma habari hiyo usiku nikaamka nikazunguka chumbani. Mpaka leo sijui kama alikuwa akiwachomea Wafaransa hati zao au akiwachomea watu wake mwenyewe ushahidi wa mashamba yao. Alikuwa na nia ya kuanza upya. Lakini mjane anayedai shamba la mumewe atafanya nini na nia?

Mwaka 1978 aliondolewa na askari wa kukodiwa wakiongozwa na Mfaransa Bob Denard, naye akauawa mwezi ule ule. Abdallah akarudishwa. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, katika mkutano wake wa Khartoum, uliwatoa wajumbe wa Komoro kwa sababu ya askari hao wa kukodiwa, bali Ufaransa iliufungua tena mlango, na kabla ya mwaka kwisha mapatano ya urafiki yalikuwa yamekwisha tiwa sahihi. Shauri la Maore halikumalizwa, liliwekwa kando. Denard alikaa visiwani miaka kumi na zaidi, hata Abdallah mwenyewe akauawa Novemba 1989, ndipo askari wa Ufaransa wakamwondoa. Alirudi mwaka 1995 kupindua tena, na Wafaransa wakaja wakamkamata. Mtu hujiuliza, ikiwa waliweza kumwondoa kwa siku chache, miaka ile yote walikuwa wakitazama nini?

Nije sasa kwenye jambo linaloumiza watu mpaka leo. Tangu uhuru hata mwaka 1995 mtu wa Nzwani aliweza kwenda Maore bila ruhusa maalum. Alikwenda kuuza, kuoa, kuzika. Kutoka kisiwa hiki hadi kile ni kilomita 70 hivi, hazitimizi safari ya kutoka hapa hadi Manyoni. Mwezi wa Januari 1995 serikali ya Ufaransa, Waziri Mkuu akiwa Balladur, iliamuru kuwa Mkomoro asiingie Maore bila viza. Karatasi moja ilikatisha njia ya karne nyingi. Watu hawakuacha kwenda. Walianza kwenda usiku, katika mashua ndogo za kuvulia samaki ziitwazo kwassa-kwassa, na mashua huzama. Maelfu wamekufa katika mlango huo wa bahari, wakiwamo wanawake wajawazito waliotaka kujifungulia katika hospitali nzuri. Sisi wa nchi kavu tuliozoea maji ya Singidani, ambayo ng'ambo yake waiona kwa macho, haitupasi kuwahukumu upesi kuwa ni wajinga.

Na wanaofika hukamatwa na kurudishwa Nzwani kwa meli. Katika miaka mingi hesabu ya wanaorudishwa hufika 20,000 au kuizidi. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2017, Maore ilikuwa na watu 256,518, na karibu nusu yao walikuwa wageni kwa sheria ya Ufaransa. Nasema wageni kwa sheria, maana wengi wao wana shangazi na wajomba humo humo.

Mwaka 1997 jambo la ajabu lilitokea. Watu wa Nzwani, wakiwa wamechoka kwa umaskini na kwa kutolipwa mishahara (ndiyo, watumishi wenzetu walikuwa wakikaa miezi mingi bila mshahara), walijitenga na Moroni, wakapandisha bendera ya Ufaransa, wakaomba watawaliwe tena. Mwali nao wakafuata. Ufaransa ikakataa. Ikasema yaheshimu umoja wa Komoro. Basi umoja huo uliheshimiwa mwaka 1997, na haukuheshimiwa mwaka 1975. Hapa ndipo nilipowaambia aulizwe.

Nchi iliunganishwa tena kwa katiba mpya ya mwaka 2001, kila kisiwa kikapewa rais wake, na bendera ikawekwa mistari minne na nyota nne, ya nne ikiwa ya Maore. Lakini Kanali Mohamed Bacar wa Nzwani alikataa kushuka kitini, na hiyo ndiyo sababu ya gazeti la mwalimu wangu. Tarehe 25 Machi 2008 majeshi ya Komoro pamoja na ya Umoja wa Afrika, wengi wao wakiwa askari wetu wa Tanzania na wengine wa Sudan, walishuka Nzwani. Bacar alikimbia kwa mashua. Na alikimbilia wapi? Maore. Njia ile ile wanayozamia maskini, yeye aliivuka salama, Wafaransa wakampeleka Réunion, na mwisho akapelekwa Benin. Huko Moroni watu waliingia barabarani kwa hasira.

Sasa tazameni jinsi serikali ndogo inavyosema na serikali kubwa. Mwezi wa Machi 2018 Komoro iliamua kutowapokea tena watu wanaorudishwa kutoka Maore, na makampuni ya meli na ndege yakakatazwa kuwachukua. Hoja yao ilikuwa fupi na yenye akili: mtu aliye Maore yuko Komoro, basi atarudishwaje Komoro kutoka Komoro? Ufaransa haikujibu hoja. Ilijibu kwa kusimamisha viza za Wakomoro, na hapo ndipo penye maumivu, kwa sababu Wakomoro wengi sana wako Ufaransa, hasa mji wa Marseille, na fedha wanazowapelekea jamaa zao ndizo zinazojenga nyumba na kulisha watoto visiwani. Tena faranga ya Komoro yenyewe imefungwa kwenye fedha ya Ulaya kwa kiwango kisichobadilika, faranga 491 na senti zake kwa euro moja, na mwenye kuidhamini ni Hazina ya Ufaransa. Ni vigumu kugombana na mtu ambaye funguo za kasha lako ziko mfukoni mwake. Wakavumilia miezi kadhaa. Mwezi wa Julai 2019 Rais Azali alikwenda Paris, wakapatana na Rais Macron: Ufaransa itatoa euro milioni 150 katika miaka mitatu, na Komoro itashirikiana kuzuia mashua na kuwapokea wanaorudishwa.

Wako wanaosema aliuza. Mimi siwezi kusema hivyo kwa urahisi. Mapatano hayakuandika kuwa Maore ni ya Ufaransa, na Moroni yaendelea kuidai. Lakini huko Umoja wa Mataifa, Baraza Kuu lilikuwa likitoa azimio juu ya Maore takriban kila mwaka, hata mwaka 1994. Tangu hapo, kimya. Faili halikufungwa, illa hakuna aliyelifungua. Kila karani anajua faili la namna hiyo, na anajua ni nani anayefaidika likikaa kabatini.

Mwezi wa Aprili 2023 Ufaransa ilianza kazi kubwa ya kubomoa vibanda na kuwakamata watu huko Maore, ikaiita Wuambushu. Komoro ikafunga bandari ya Mutsamudu kwa majuma kadhaa, kisha ikaifungua. Wakati huo Rais Azali alikuwa ndiye mwenyekiti wa Umoja wa Afrika nzima. Tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga Chido kilipiga Maore, kikafagia vibanda vile vile vya mabati. Waliokufa bila hati hawakuweza kuhesabiwa sawasawa, kwa kuwa wengi wao hawakuthubutu kwenda kwenye makimbilio, wakiogopa kukamatwa. Jamaa zao ng'ambo ya pili, kilomita 70, hawakuweza kwenda kuzika.

Bwana Mwenyekiti, naona saa yako umeitoa mara ya pili. Nimeleta ramani, niliyoinakili kwa mkono kutoka atlasi ya maktaba, na kisiwa cha nne nimekitia wino mwekundu. Nimeitundika hapo karibu na mlango ili wale watakaotaka kunipinga waanze kwanza kwa kunionyesha Nzwani ni ipi.